Mwenye Msemo Yu Hai

Mtu unayempenda akikunyamazia, kimya chake huuma kuliko matusi ya mtu baki. Winfrida aliyajua hayo Jumatatu ile mchana, amesimama nje ya ofisi ya kampuni ya watalii mjini Moshi na mfuko wa maandazi ya moto mkononi. Alimwona Eliudi akishuka garini pamoja na wageni wake, na Eliudi hakumtazama.

Haikuwa kawaida yake. Siku zote akitoka mlimani, hata kabla ya kufungua mizigo, macho yake yalikuwa yakimtafuta Winfrida kwanza. Uso umeungua kwa jua la juu, midomo imepasuka kwa baridi, na bado anatabasamu mpaka midomo inamuuma. Siku hii alifungua mizigo, akawapa wageni mikono, akaagana na wapagazi mmoja mmoja. Ndipo akaja, polepole, kofia ameishika mkononi kama mtu anayeingia msibani.

Winfrida alikuwa na furaha yake tumboni, haikumruhusu kuona. Akamuuliza kama huko juu walikipata kipindi cha Jumamosi.

"Tulikipata," Eliudi alisema. "Mpishi alikuwa na redio."

"Mlicheka?"

"Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliwaambia huyo anayeongea ni mchumba wangu."

Winfrida akamnyooshea mfuko wa maandazi. Eliudi hakuupokea.

"Wini," alisema. "Huyo Margareta ni bibi yangu."

Winfrida alicheka, maana Eliudi alikuwa mtu wa utani. Alicheka peke yake. Kicheko kikamwishia mdomoni, kikabaki kama tonge ambalo huwezi kulimeza wala kulitema.

Kazi yake Winfrida ilikuwa kutafuta misemo imetoka wapi. Alikuwa anasomea shahada ya pili, na mwaka mzima alizunguka Uru, Machame, Marangu mpaka Sanya Juu, akikaa na wazee na kuwauliza neno hili mlilipata kwa nani, na msemo huu alianza kuusema nani. Ndiye aliyegundua kwa nini watu wakisema mtu "amerudi na kamba" wanamaanisha amefanya biashara ya hasara: kulikuwa na bwana mmoja aliyekwenda mnadani Sanya kununua ng'ombe, akalewa njiani, akarudi na kamba tu. Mambo kama hayo. Mtangazaji mmoja wa redio ya pale mjini, Basili, aliyapenda, akampa robo saa kila Jumamosi asubuhi. Watu walikuwa wanaacha kufagia ili wamsikilize.

Jumamosi ile alikuwa ameeleza msemo ambao huko mlimani hata mtoto anaujua: chai ya Margareta. Kitu ulichokiandaa vizuri kwa mtu ambaye haji, hiyo ndiyo chai ya Margareta. Kijana akinunua suti na harusi ikavunjika, ni chai ya Margareta. Kila mtu aliusema, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama Margareta alikuwa mtu.

Winfrida alijiuliza. Akampata mzee mmoja Uru, Mzee Wenseslaus, mwenye masikio mazito na kumbukumbu kali, naye akamweleza yote. Margareta alikuwa binti wa pale pale Uru. Siku wakwe walipotakiwa kuleta mbege, pombe ya ndizi, ya kumposa, alivaa kitenge kipya, akateleka sufuria kubwa ya chai, akangoja. Wakwe wakapita njia nyingine, wakaenda kuposa nyumba ya tatu kutoka pale. Margareta akaipasha chai ile, ikapoa, akaipasha tena, mpaka jua likazama na chai ikawa nyeusi kama dawa ya mitishamba. Vijana walikuwa wanachungulia kwenye migomba wakicheka. Msemo ukazaliwa siku hiyo.

Redioni Winfrida alitaja jina la baba yake Margareta. Alitaja na mfongo, mfereji wa maji uliopita nyuma ya nyumba yao, maana wazee hupenda kusikia maji yao ya shambani yakitajwa. Basili alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa Eliudi alikuwa anamwambia kwamba walipofika getini na mtandao kurudi, simu yake ilikuwa imejaa. Shangazi yake Hellen alikuwa amempigia mpaka amechoka. Bibi alisikiliza kipindi chote amekaa jikoni, na jirani mmoja mzaliwa wa Uru naye alisikiliza kwake, akaunganisha jina la baba na mfongo, na mpaka saa sita kijiji kizima cha Old Moshi kilikuwa kimejua. Jumapili bibi hakwenda kanisani. Tangu Eliudi apate akili hajawahi kumwona bibi yake akikosa kanisa.

"Lakini hata wewe hukujua," Winfrida alisema kwa sauti ndogo.

"Ningejuaje? Kwetu ni Mama Eliamini. Wazee wenzake wanamwita Mama Eliamini, mchungaji anamwita Mama Eliamini. Jina lake nimeliona kwenye kadi ya hospitali tu, na akina Margareta wako wengi kama migomba." Akakunja kofia yake. "Unajua kinachoniua? Tangu mtoto nimekuwa nikimwambia. Chai ikipoa, nasukuma kikombe, nasema bibi, hii sasa ni chai ya Margareta. Na yeye anakichukua kile kikombe, anakwenda kunipashia. Miaka yote hiyo, Wini. Hajasema neno."

Winfrida alitaka kumshika mkono. Hakuthubutu.

"Mimi sikujua," Eliudi alisema. "Wewe je?"

Hapo ndipo swali lilipokuwa limejificha. Winfrida angeweza kusema hakujua, na Eliudi angemwamini, kwa sababu alikuwa anataka kumwamini. Sauti yake ilikuwa inamwomba aseme hivyo.

"Mzee aliniambia yu hai," Winfrida alisema. "Aliniambia aliolewa upande wa Old Moshi. Nilipanga nimtafute. Basili akasema kipindi ni kesho, nikaona nitamtafuta baadaye."

Eliudi alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile, na Winfrida akatamani asingemtazama.

"Ungeuliza," Eliudi alisema. "Kazi yako ni kuuliza."

Akavaa kofia, akaenda kutafuta usafiri wa kwenda kwao. Maandazi yalipoa mkononi mwa Winfrida, na hakukumbuka alimpa nani.

Jioni hiyo Shangazi Hellen alimpigia simu mama yake Winfrida. Alikuwa ndiye msemaji wa familia katika mambo ya posa, na kwa adabu zote, baada ya kuulizia afya ya kila mtu mpaka kuku, alisema ile mbege ya mwisho wa mwezi haitapikwa. Ndizi zilizokuwa zimefukiwa ziive watawapa ng'ombe. Mama alijaribu kumsihi. Hellen akajibu kwamba wao ni watu wa kimya, na binti ambaye kinywa chake kiko redioni hawamwezi.

Basili naye alipiga. Yeye alikuwa na furaha, maana wasikilizaji walikuwa wanataka kipindi kirudiwe, na kuna mmoja amesema huyo bibi yuko Old Moshi, sasa kwa nini asiletwe studio, aje na sufuria yake. Winfrida alikata simu. Akaenda chooni akafunga mlango, akakaa akiuma ukingo wa khanga ili mama asisikie.

Mama alisikia. Mama husikia. Winfrida alipotoka, mama alimwambia aache kulia, kesho ajihimu, akatafute sale.

Kwa asiyejua, sale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa shamba. Lakini ukimkosea mtu, hata kosa la damu, ukachuma jani la sale ukalifunga fundo, ukampelekea, yule mtu hawezi kukukatalia. Mila ya Kichagga imemfunga. Hata akiwa na kisu mkononi atakiweka chini. Mama alisema, mpelekee bibi sale na mambo yatakwisha, hata huyo Hellen hatakuwa na la kusema.

Asubuhi Winfrida alipanda mlimani na jani lake. Pikipiki ilimwacha njia panda, akaendelea kwa miguu katikati ya migomba na mibuni. Akina mama waliokuwa wamebeba majani ya ng'ombe walimpisha njia, akawaamkia, wakaitikia vizuri. Mmoja, mwanamke wa makamo, akamuuliza anakwenda kwa nani. Winfrida akasema anakwenda kwa Mama Eliamini.

"Ahaa, kwa Margareta," yule mama alisema, na wenzake wakacheka kwa kuziba midomo. Hawakumjua yeye ni nani. Walikuwa wanacheka tu, kama alivyocheka Basili, na Winfrida akaona uso unamuwaka kama ametiwa pilipili. Jina alilolichimbua ardhini yeye mwenyewe lilikuwa sasa linatembea barabarani bila yeye.

Eliudi alikuwa nyuma ya zizi akikata majani kwa panga. Alipomwona alisimama. Hakusema karibu, hakusema rudi. Macho yake yalishuka mpaka kwenye jani la sale, yakakaa hapo.

"Eliudi, ni nani huyo?" sauti iliuliza kutoka jikoni.

"Ni Winfrida, bibi."

Ng'ombe alitafuna.

"Aje."

Jiko lilikuwa la mbao, nje ya nyumba kubwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikungu miwili ya ndizi mbele yake, kisu mkononi. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kilemba kimefungwa vizuri, na uso ambao ungependa ukutazame kwa upole. Winfrida alikuwa ameota mara nyingi namna atakavyomwona siku ya kwanza. Alijiona amevaa vizuri, analetwa na Eliudi, shangazi wanapiga vigelegele. Sasa alipiga goti mlangoni, kwenye majivu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Bibi alilitazama lile jani. "Hilo liache nje."

"Bibi, nimekuja kuomba…"

"Najua umekuja kuomba nini. Likiingia humu nitakusamehe, kwa sababu mila inanilazimisha. Na mimi sitaki kulazimishwa. Nimelazimishwa mengi. Liache nje, uingie mikono mitupu."

Lile jani ndilo lililokuwa limempandisha mlima. Bila hilo hakuwa na kitu cha kujikinga. Eliudi alikuwa amesimama nyuma yake, akanyoosha mkono, akalichukua. Vidole vyao viligusana, na vya Eliudi vilikuwa vizito kuondoka. Kitambo kidogo tu. Kisha akalipeleka kule kwenye majani ya ng'ombe, akabaki amesimama pale uani.

Bibi akamtupia Winfrida kisu kingine na kumwonyesha mkungu. Wakamenya. Utomvu wa ndizi ulimshika Winfrida vidole, ukawa mweusi, na bibi hakumwambia apake mafuta. Winfrida, aliyezoea kuwafanya wazee waseme, hakuwa na swali hata moja.

Aliyeuliza ni bibi.

"Nani alikueleza?"

"Mzee Wenseslaus, bibi. Wa Uru."

"Wenseslaus." Bibi alilisema jina kama mtu anayeonja chumvi. "Alikuwa kijana mrefu, hana haya. Alipanda mti wa parachichi ili aone vizuri. Alikuambia alikuwa juu ya mti?"

"Hapana, bibi. Alisema vijana walikuwa wanachungulia."

"Basi hilo hakukueleza. Alikuambia niliipasha chai mpaka ikawa nyeusi?"

"Ndiyo."

"Hilo ni kweli. Alikuambia kwa nini?"

Winfrida alisema kwa tabu kwamba mzee alisema alikuwa anawangoja wakwe.

"Hapo ndipo alipokosea," bibi alisema, "na wewe hukuuliza mtu mwingine."

Akaweka ndizi kwenye beseni la maji. Akaeleza bila haraka, macho kwenye kisu. Alisema alijua tangu mchana. Kabla chai haijachemka, shangazi mmoja wa yule bwana alipita nyuma ya nyumba, akateremka kama anachota maji kwenye mfongo, akamwita na kumwambia mwanangu, hawaji, wameshaketi kwingine. Alikuwa mama mwenye huruma, alitaka asiaibike zaidi. Margareta akarudi ndani. Mama yake alikuwa amekaa sebuleni na wanawake wa ukoo. Alikuwa amevaa viatu, mtu asiyevaa viatu. Alikuwa ameazima vikombe kwa majirani, kila kimoja na ua lake, amevipanga mezani na kuvifunika kitambaa.

"Ningezima moto, mama angejua," bibi alisema. "Kwa hiyo sikuuzima. Nilisema apate hata hiyo jioni moja ya kuwa mama wa bibi harusi. Chai ikipoa anasema, pasha tena mwanangu, wako njiani. Na mimi napasha. Nikaona macho yake, nikajua naye anajua. Tangu saa ngapi, sijui. Alikuwa anasema vile kwa ajili yangu, na mimi napasha kwa ajili yake. Hivyo mpaka giza. Hatukuwahi kulizungumza, mpaka nimemzika."

Winfrida alikuwa ameacha kumenya. Machozi yalimdondoka, hakuyafuta kwa sababu ya utomvu.

"Usilie juu ya ndizi," bibi alisema. "Babu yake huyu aliniposa akijua. Aliniambia vuka uje ng'ambo, huku hakuna Margareta. Nikaacha Uru, nikaacha Ukatoliki wangu, nikazaa Eliamini nikawa Mama Eliamini. Nikapumzika. Msemo wenyewe ulinifuata, ndiyo, nilisikia watu wanausema sokoni, hata mjukuu wangu anausema mezani kwangu. Lakini ulikuwa hauna uso. Unasikia? Haukuwa na uso. Wewe umeuvika."

Pale uani Eliudi alikuwa amegeukia zizi, mgongo wake unatikisika kidogo. Alikuwa amesikia kila neno.

Winfrida alisema kwamba atakwenda redioni. Alisema maneno mengi kwa pamoja, kwamba Jumamosi ataomba radhi, ataeleza ukweli wote, ataeleza vikombe, ataeleza mama, watu wajue Margareta hakuwa mjinga, alikuwa…

"Uwape na mama yangu wamcheke?"



Katika kazi yake yote hakuwahi kupata asili ya msemo iliyo kamili kama ile. Wenzake chuoni wangeweza kukaa miaka wasiipate. Na papo hapo akajua kwamba haikuwa yake, kwamba hataiandika popote, na kwamba ataibeba mpaka kaburini huku watu wakiendelea kucheka ile nyingine. Aliinamisha kichwa. Aibu ya jana ilikuwa ya kuonekana na watu. Hii ya sasa ilikuwa ya kujiona mwenyewe, nayo haina pa kukimbilia.

Hatua za viatu zikasikika. Shangazi Hellen aliingia uani na mkoba wake wa kanisa, mwanamke mnene wa heshima, akamwona Eliudi, akamwona Winfrida jikoni.

"Huyu amefuata nini tena?" alisema. "Au msemo mmoja haukutosha, amekuja kuchuma mwingine?"

Winfrida aliinuka nusu, akamwamkia. Hellen aliitikia kwa pua. Akamgeukia mama yake, akasema neno la posa limekwisha, na yeye amekwisha kuwaambia watu wa binti, na haifai binti huyu akutwe hapa akimenya ndizi kama mwenye nyumba. Eliudi akasogea mlangoni. Kwa sauti ambayo Winfrida hakuwahi kuisikia kwake, akasema, "Shangazi, mimi sijasema limekwisha."

"Wewe hukuulizwa."

"Ndiyo ninasema, sikuulizwa."

Walitazamana, shangazi na mtoto wa kaka yake. Eliudi alikuwa mwekundu machoni. Hakumtazama Winfrida, lakini alikuwa amesimama upande wake wa mlango, na Winfrida aliliona hilo, akalihifadhi moyoni bila kujua kama ana haki nalo.

"Hellen, kaa," bibi alisema. "Kaa, unanizibia mwanga."

Hellen akakaa.

Bibi akafuta kisu kwenye gunia. Akamwambia Winfrida kwamba hajamsamehe. Moyo wake ni mzee, alisema, unatembea na fimbo, hauwezi kufika leo kwa sababu kijana ana haraka ya kuoa. Utafika siku utakapofika. Lakini Jumapili iliyopita hakwenda kanisani, na alichukia sana kukaa nyumbani, alisikia kengele akajiona kama mwizi. Jumapili ijayo atakwenda.

"Nitahitaji mtu wa kukaa naye," alisema. "Benchi la mbele, upande wa akina mama. Uje wewe."

"Mama," Hellen alisema, na sauti yake ikaisha nguvu. "Msichana hajaletewa mbege. Akikaa benchi lako watu watasema tumekwisha kumchukua. Hilo halirudi nyuma."

"Waseme. Wameshaanza kusema, wewe huwasikii?" Bibi alimtazama Winfrida. "Watatuangalia wote wawili. Mimi kwa sababu yako, na wewe kwa sababu yangu. Hakuna sale humo, hakuna redio. Ni kukaa tu na kutazamwa mpaka ibada iishe. Utaweza?"

Kila kiungo cha Winfrida kilitaka kukataa. Alikuwa anataka kujificha, kwenda hata Dar es Salaam kwa mjomba, arudi watu wakiwa wamesahau. Alimtafuta Eliudi kwa macho ili amsaidie, na Eliudi hakumsaidia. Alikuwa anangoja kama bibi, uso wazi, kama mtu aliyeweka kitu chake chote mezani.

"Nitaweza, bibi."

"Usiniambie leo," bibi alisema. "Niambie Jumapili."

Jumapili kulikuwa na ukungu wa mlimani, na kengele ilisikika kama inatoka chini ya maji. Winfrida alivaa gauni la kawaida, lisilosema chochote. Jana yake hakwenda studio; alimpigia Basili kabla ya kuondoka, akamwambia asimngoje tena Jumamosi, na kwamba kile kipindi kikirudiwa atakwenda kusimama mlangoni mwa studio mpaka kizimwe. Basili alianza kubembeleza. Alimwacha akibembeleza.

Eliudi alikuwa kwenye ngazi za kanisa, amevaa koti lake la harusi za watu wengine.

"Nilidhani hutakuja," alisema.

"Hata mimi."

Eliudi akamrekebishia ukosi wa gauni, ambao haukuwa na kosa lolote, mkono wake ukabaki begani kwake kwa muda wa kuvuta pumzi. "Nenda," alisema. "Mimi niko upande wa pili. Nitakuwa nakutazama mimi pia, lakini siyo kama wao."

Winfrida aliingia. Njia ya katikati ya kanisa lile haikuwa ndefu, lakini vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine kama mahindi kwenye upepo. Akawatambua wale akina mama wa barabarani. Sasa walikuwa wamejua yeye ni nani. Mnong'ono ulimtangulia mbele, ukafika kabla yake.

Bibi alikuwa benchi la mbele, mgongo umenyooka, na pembeni yake ameweka mkoba ili mtu asikae. Alipomwona aliuondoa mkoba. Hakutabasamu. Winfrida akaketi. Uso ulimuwaka, masikio yakamuwaka, akahisi macho ya kanisa zima kisogoni kama jua la saa saba. Bibi alifungua kitabu cha nyimbo, akatafuta namba taratibu, akakisogeza mpaka nusu yake ikakaa kwenye kiganja cha Winfrida, chenye doa jeusi la utomvu ambalo halikuwa limetoka.

Mama mmoja benchi la nyuma hakuweza kuvumilia. Aliinama mbele, akamgusa bibi bega, akauliza kwa sauti ya chini, huyu binti ni nani.

Bibi hakugeuka. Wala hakushusha sauti.

"Ni yule aliyenitangaza redioni," alisema. "Anaolewa kwetu."

Kinanda kikaanza. Winfrida aliona ardhi ingepasuka wakati huo ingemfanyia hisani, na papo hapo akaiomba isipasuke. Alisimama pamoja na bibi, akaimba.